Huko Kwenu

Shangazi anafunua chungu, na harufu ya perege waliobanikwa inanirudisha kijijini Michenga, kwenye mkeka wa bibi, siku mdogo wake wa kiume aliporudi kutoka migodi ya Afrika Kusini. Aliondoka kijana, alirudi mzee. Tulikula wali kwenye sinia moja. Mara mwiba ukamkwama kooni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

“Mjomba, huko kwenu samaki hawana miiba?” baba mdogo akamtania. Tukacheka wote. Alitania tu, nadhani.

Mzee akafuta midomo kwa kiganja. “Kwetu ni hapa,” akasema polepole, kama anayeomba.

Bibi akaanza kumchambulia miiba, minofu akimwekea pale alipozoea kuniwekea mimi. Mzee akala bila kuinua macho. Mimi nikanuna.

“Kula, mwanangu,” ananiambia shangazi sasa. Nimefika jana tu kutoka chuoni, ng'ambo. “Huko kwenu mnakula nini?”

“Kwetu zaidi ni viazi,” najibu haraka, kwa adabu.

Neno nimeshalisema. Shangazi anavuta sahani yangu, anaanza kunichambulia miiba.