Shimo Chini ya Spika ya Kulia

Iko siku moja haijanitoka kichwani, Mwanangu, na nitakusimulia nikiwa na hasira, kwa hiyo usingoje nicheke. Jumapili baada ya misa niliketi kwenye kiti changu kusikiliza kaseti ya kwaya, nikasikia upande wa kushoto unavuma. Nilipokuambia, ulinijibu upesi mno: "Papa, ile bafle imezeeka. Tununue kubwa." Spika hazijazeeka. Nyamaza kwanza, unisikilize.

Nilikuwa na miaka thelathini na tano. Si kijana sana, lakini ujinga wangu ulikuwa bado kijana. Hapa hapa Kasulo majirani walikuwa wamevunja sakafu zao na kuchimba kobalti chini ya nyumba, na mimi nikavunja yangu. Nilianzia chumbani kwa bibi yako, mama yangu mzazi, chini ya kitanda chake, kwa sababu huko mgeni haingii. Kila asubuhi alikwenda sokoni kuuza sombe, majani ya muhogo. Akishatoka nasogeza kitanda, nachimba, na kabla hajarudi nafunika kwa mbao na mkeka. Kwa pesa za kwanza nilinunua amplifaya na spika mbili nzito. Nilijiona bwana! Moja niliisukumia kwenye kona, nyingine nikaipandisha juu ya meza, zote zimebana ukuta, katika sebule hii hii unayoijua, ambayo watu sita wakiingia mmoja anasimama.

Mjomba wangu Anselme, kaka wa bibi yako, alikuwa fundi umeme mstaafu wa mgodini. Zamani, mke wake Béatrice akiwa hai, alirekodi kwaya ya parokia kwa maikrofoni mbili. Alijua kila mtu alisimama wapi: Béatrice kushoto kabisa na kayamba yake, mwimbishaji katikati, ngoma kulia. Siku hiyo alikuja na kaseti yake aone kama spika zangu zina maana.

Alisikiliza dakika mbili, akazima.

"Béa eko wapi?" aliuliza. "Umebaweka bote fasi moya, mumoya juu ya kichwa ya mwenzake."

Nilimwambia sauti ni kubwa, mtaa mzima unasikia.

"Mi sitafute makelele," alisema. "Mi natafuta muke yangu."

Akanifanyisha kazi. Kwanza nizivute spika kutoka ukutani, karibu urefu wa mkono. Zikae kimo kimoja, ile sehemu ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Nafasi kati yao iwe sawa na nafasi ya kila moja hadi kitini, na nyuso zao zigeuzwe kidogo kumwelekea anayesikiliza. Halafu alichukua kioo cha bibi yako, akaniketisha, akakipitisha polepole kwenye ukuta wa pembeni. Pale nilipoiona spika ndani ya kioo, akaning'iniza blanketi, kwa sababu pale ndipo sauti ingegonga simenti na kunirudia kwa kuchelewa. Ukuta wa pili vivyo hivyo. Sakafuni, mbele ya kiti, akatandika blanketi jingine.

Akawasha. Mwanangu, kati ya spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta, mwimbishaji alisimama. Ningeweza kumnyooshea kidole. Lakini kulia palivuma. Kila ngoma ilipopigwa, mvumo ulienea sebule nzima, ukaifunika kayamba ya Béatrice.

Mjomba alibadilisha nyaya. Ngoma ikahamia kushoto, ikasikika safi, na kulia pakaendelea kuvuma kila wanaume waliposhusha sauti. Akabadilisha spika zenyewe. Kulia, mvumo ule ule.

"Haiko kaseti, haiko bafle," alisema. "Iko nyumba."

Alipiga magoti akaanza kugonga sakafu kwa kifundo cha kidole, kidogo kidogo, hadi kwenye ukuta wa chumba cha dada yake. Nilisema kuna bomba la maji la zamani. "Bongo!" alisema, hata bila kunitazama, kwamba ni uongo. Akaingia chumbani akavuta kitanda, akafunua mkeka na mbao.

Alirudi amekunja ngumi. Afadhali angenipiga. Alinisukumia kwenye kiti, akawasha kaseti tena.

"Sikia muzuri. Ile njo kaburi ya mama yako. Iko inaimba."

"Batu bote banachimba, Tonton," nilimwambia mjomba.

"Mi siongee na batu bote. Mi naongea na mutoto wa dada yangu."

Bibi yako alitukuta hivyo, beseni bado kichwani. Alipita hadi chumbani, akaona shimo linaloanzia chini ya mto wake na kupita chini ya ukuta hadi kwenye spika. Hakulia. Ujue kwamba tangu nianze kuchimba nilikuwa naamka kabla yake kumchemshia chai, ili atoke mapema, naye alikuwa akinisifu kwa majirani wote. Aliniuliza hilo tu.

"Ile chai, ulinipikia sababu ya shimo?"

Alifunga shuka zake akaenda kulala kwa kaka yake. Ninajichukia kila nikilikumbuka lile beseni lililobaki mlangoni, sombe ikinyauka.

Nilijaza shimo kwa majuma mengi, mawe na udongo, nikishindilia kwa gogo. Kila Jumapili mjomba alikuja na kaseti yake, anaketi, anasikiliza, anasema "Bado," anakwenda zake bila kunywa hata maji. Nilimchukia pia. Halafu Jumapili moja kwaya iliimba mpaka mwisho, ngoma ikakaa mahali pake kulia, na kushoto kayamba ikasikika vizuri, hata pumzi ya Béatrice kabla hajaanza ubeti. Mjomba alijifunika macho kwa mkono.

"Enda uite mama yako," alisema.

Wote wawili wamekwisha kufa, kwa uzee, vitandani, juu ya ardhi ngumu. Kaseti aliniachia mimi.

Basi shika haya. Sebule ndogo haitaki spika kubwa, na vijana wa mtaa huu mnaojaza kona kwa masanduku mnanikera sana. Ziondoe ukutani, zipange sawasawa na kiti, funika simenti pale kioo kinapokuonyesha, na ufanye kulia kama ulivyofanya kushoto. Kila mwimbaji atarudi mahali pake bila wewe kuongeza sauti. Ukishapanga yote na upande mmoja bado unavuma, usikimbilie dukani. Gonga sakafu. Na kama chini ni patupu, usichimbe hata koleo moja zaidi, hata kama mtaa mzima unachimba. Hakuna jiwe la kobalti linalostahili mtu wako alale juu ya shimo bila yeye kujua.

Jumapili nilibadilisha nyaya. Nilibadilisha spika. Kushoto kunavuma, Mwanangu, upande wa chumba unacholala na mke wako na mtoto wenu mchanga, na Béatrice simsikii tena. Sakafu sijagonga. Nataka uvute kitanda kwa mkono wako mwenyewe, leo, kabla bukari ya mchana haijasongwa, mke wako akiwa amesimama hapo anaona. Mimi nitaleta mawe. Tutashindilia pamoja mpaka kayamba isikike. Mungu akusamehe kama alivyonisamehe mimi, awalinde hao wawili usiku kucha, akujalie uzeeke ndani ya nyumba isiyovuma.

Na usiniambie habari za bomba la maji. Jana mke wako aliketi hapa sebuleni na mtoto mapajani, akakusifu kwangu kwa furaha kubwa. Alisema siku hizi unaamka kabla yake, unamchemshia chai.