Nafasi ya Kupaki Chini ya Dirisha la Shoga Yangu

Shoga yangu anakaa Braamfontein, ghorofa ya nne, na mimi nakaa mtaa wa Observatory, humuhumu Johannesburg, kwa binti yangu. Ukiwa na miguu mizima hapo si mbali. Ukiwa na nyonga kama hii yangu, ni sawa na yeye kubaki Tanga na mimi kuwa huku.

Tumekua mtaa mmoja, Ngamiani, tumechapwa na mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani. Shule mimi niliishia darasa la tatu, yeye la nne, na mpaka leo hilo darasa moja ananitambia. Huku Johannesburg yeye ndiye alitangulia, mimi nikamfuata, tukauza khanga na vitenge barabarani miaka mingi, baridi ikitukamata tunajifunika buibui moja, huku tunacheka. Waume zetu wakatangulia kwa Mola, wa kwangu kwanza, wake baadaye. Tukabaki sisi. Kila Jumapili nilikuwa napika mbaazi za nazi, napanda teksi na sufuria yangu mapajani, yeye anachoma maandazi, tunakula, tunapakana hina, tunawasema watu mpaka jioni. Wallahi nilikuwa naisubiri hiyo Jumapili kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Basi nyonga ikaanza. Kwanza kuuma, halafu kukaza, halafu ikawa teksi siwezi kupanda wala kushuka. Na yeye upande wake masikio yakaondoka.

Utasema, si mpigiane simu? Simu gani, mwenzangu. Nikimpigia anapokea, anasema halo, nani, halo, halafu anaanza kunihadithia habari zake zote bila kunisikia hata neno, akimaliza anakata. Hiyo ya kuonana sura nayo tumejaribu. Simu anaishika vibaya, mimi naona dari lao na kipande cha paji la uso. Shoga yangu ukitaka akuelewe ukae mbele yake, akutazame mdomo. Hakuna njia nyingine.

Binti yangu ana gari, na Jumapili hafanyi kazi. Tatizo ni pale mtaani kwa shoga. Wanafunzi wa chuo kikuu wamejaza magari yao pande zote mbili, ukizunguka unazunguka mpaka robot ya pili, hizo taa za barabarani, na ukipata mahali ni mbali, mimi sifiki. Mbele ya mlango kabisa, chini ya dirisha lake, kuna nafasi moja iko wazi siku zote, imechorwa kiti cha magurudumu chini kwa rangi. Siku moja binti akasema liwalo na liwe, akaingiza gari pale. Alikuwepo baba mmoja wa Kikongo analinda magari, amevaa kizibao chake cha kung'aa. Akatujia kwa heshima zote, akainama dirishani.

"Mama mukubwa, hapa hapana. Polisi bakikuta gari haina kadi, banaifunga munyororo."

Nikatazama juu. Pazia la shoga yangu nalijua, la maua ya njano, tulinunua pamoja. Lilikuwa limefungwa, naye hajui kama niko chini. Tukageuza gari. Mbaazi tulikula nyumbani siku ile, sikusikia ladha.

Ndipo binti akaanza habari ya hiyo kadi. Unabandika kwenye kioo cha mbele, unapaki pale penye kiti cha magurudumu, hakuna wa kukuuliza. Lakini ni ya walemavu, na lazima daktari aandike kwamba kweli hutembei. Nikamwambia mlemavu ni mwingine, mimi mguu unadeka tu. Akanijibu taratibu kwamba basi nikae na mguu wangu unaodeka, shoga yangu atanisahau sura. Kesho yake nikamwambia anipeleke kwa huyo daktari.

Sasa sikia nilivyokwenda. Mimi kwa mtu nisiyemjua siendi hivihivi. Nikaoga, nikajifukiza udi, nikavaa gauni langu la harusini na buibui jipya, nikajipaka wanja. Fimbo nikaiacha ndani ya gari, maana kuingia kwa watu mara ya kwanza unaegemea fimbo, naona haya. Binti akanishusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kupaki. Alizunguka huko hata akakuta nimeshamaliza.

Daktari kijana mzuri, Mzulu, ana adabu. Akaniuliza kwa lugha yao, gogo, unjani, yaani bibi, hujambo? Kizulu cha sokoni ninacho, nikamjibu niko mzima, namshukuru Mungu. Akauliza unatembea? Nikasema natembea. Nikasimama nikamwonyesha, kutoka kiti mpaka dirishani na kurudi, nimeuma meno kwa ndani na uso unacheka. Akauliza ngazi je? Nikamwambia polepole nafika. Maumivu? Alhamdulillahi. Nikamuuliza na yeye hali yake, na mama yake, na watoto. Akafurahi sana. Mimi pia nikafurahi, nikasema huyu hawezi kuninyima.

Aliandika kwamba kwa umri wangu natembea vizuri kabisa.

Binti yangu alisoma ile karatasi ndani ya gari, akaweka kichwa juu ya usukani.

"Mama, umemwambia huumwi?"

"Aliniuliza hali."

"Alikuuliza kwa kazi yake, mama."

"Na mimi nimemjibu kwa adabu zangu."

Jamani, mimi nimelelewa hivyo. Mtu akikuuliza hujambo, hujambo. Mgonjwa hajambo, mfiwa hajambo, hata aliye kitandani hawezi kugeuka atakwambia sijambo kwanza. Halafu unaulizwa habari za tangu juzi, njema. Za nyumbani, njema. Watoto je, wazima. Ukishazunguka hivyo ndiyo mtu anavuta pumzi, anakwambia lakini mwenzangu, huu mguu umeniua. Sisi la moyoni huja mwisho. Yule daktari aliuliza mara moja, akaandika, akafunga. Na mimi nilikuwa bado niko kwenye salamu!

Zikapita wiki nyingi. Jumapili ikifika napika mbaazi kwa mazoea, halafu nakaa na sufuria. Mjukuu wangu anakula chapati yake na mayai, mbaazi hazitaki, na Kiswahili anakisikia lakini ananijibu Kiingereza. Nani nitamwambia kwamba jana nimeota uwanja wa shule yetu ya Tanga? Nikimpigia shoga, ananihadithia yeye, anakata. Siku moja kabla hajakata akasema, "Kama ni wewe, mbona huji?" Akakata. Nilibaki na ile simu sikioni mpaka ikapoa.

Tukarudi kwa daktari yuleyule. Safari hii binti alinishika mkono mpaka ndani, na fimbo alinipa mwenyewe. Gauni la harusini alilificha, mimi nalijua alikoliweka, lakini nikamwachia. Daktari akaniuliza unjani, mdomo wangu ukasema wenyewe niko mzima. Binti akamwambia, daktari, tafadhali muulize tena. Akauliza tena. Nikasema mzima, ila baridi. Binti akasema, tena. Yule kijana akaweka kalamu chini, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu karibu yagusane, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu wa nyumbani.

Basi nikatoa. Nikamwambia naswali juu ya kiti, sijui mara ya mwisho paji langu liligusa mswala lini. Nikamwambia usiku kugeuka upande wa pili ni kazi. Nikamwambia iko Braamfontein mtu wangu, hasikii simu, na mimi siwezi kufika mlangoni kwake, na tumebaki wawili tu tunaojua tulikotoka. Kizulu kikaniishia katikati, nikaendelea kwa Kiswahili, binti anatafsiri huku anafuta macho, na mimi nafuta yangu na ncha ya mtandio.

"Gogo," daktari akasema, "ungeniambia siku ile."

"Baba, siku ile hukuuliza mara ya pili."

Akacheka, akaandika. Safari hii aliandika sana.

Kadi ilikawia, maana ofisi ni ofisi, nenda rudi, lakini ikatoka. Ina picha yangu! Nimekaa vizuri, mtandio umenyooka. Niliitazama njia nzima, hata binti akaniambia mama, bandika kwenye kioo sasa, polisi hawawezi kuiona mapajani mwako.

Yule baba Mkongo alituona tunaingia, akanyanyua mkono kutuzuia, halafu akaona kadi. Akasogeza pembeni koni yake ya kuzuia magari.

"Leo mama mukubwa uko na kadi," akasema. "Ingia, ingia."

Akanifungulia mlango, akanipokea sufuria. Mguu wangu niliukanyaga palepale juu ya kile kiti cha magurudumu kilichochorwa, wala sikuona haya. Hatua chache, mlango. Lifti ilikuwa nzima siku ile, Mungu mkubwa. Binti akasema atapitia dukani, atarudi kunichukua, atanipigia honi.

Shoga yangu alifungua, akanitazama mdomo kabla hajanitazama macho.

"Hujambo?" akaniuliza.

"Sijambo," nikamwambia. "Mguu umekufa."

"Mimi masikio," akasema, akanivuta ndani.

Alikuwa amekonda. Maandazi alikuwa nayo, ati kila Jumapili alikuwa anachoma, hajui siku gani nitatokea. Tukala. Nikamhadithia ile ndoto ya uwanja wa shule, nafungua mdomo vizuri apate kuona, naye akanisahihisha upande mti wa kivuli ulipokuwa, kwa sababu yeye alifika darasa la nne. Akanitolea hina, akanishika vidole, akaanza kupaka kimoja kimoja kama zamani.

Chini honi ikalia. Naijua honi ya gari letu. Ikalia tena, ndefu. Shoga yangu hakuinua hata kichwa, anapaka tu, ananiambia tulia usije ukaharibu.

Na mimi nikatulia. Nilimnyooshea mkono wa pili.