Dole gumba la mama kwenye fomu ya mkopo

Jamani, leo kidogo nimpotezee mama yangu shamba lake.

Nataka kununua kijumba cha vyumba vitatu Kihonda, hapa mjini, nipangishe. Akiba yangu haifiki hata robo ya bei. Basi mama kashuka kutoka kijijini Mgeta na hati ya shamba lake la karoti, iwe dhamana ya mkopo.

Tukaenda benki. Afisa mikopo akamuuliza, "Mama, umeyaelewa masharti?"

Mama akatabasamu. "Mwanangu ameelewa, inatosha."

Dole gumba lake tayari lina wino.

Na mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa! Nilikuwa naitikia tu.

Nikamshika mkono, nikamwomba afisa atusomee upya, polepole.

Akafika pale panaposema shamba litapigwa mnada nikishindwa kulipa.

Mama akanigeukia. "Na wapangaji wakikosekana miezi mitatu, utalipa na nini?"

Nikaanza kupekua fomu.

Mama akafuta wino kwa kanga, akachukua hati yake. "Ukipata jibu, njoo shambani uniambie."

Nimemsindikiza stendi, ameshapanda gari la kurudi. Mimi bado nimekaa hapa hapa.

Nyie mlioweka shamba la mzazi dhamana, mlimjibu nini?