Tarehe ya Kurudi Kazini

Juzi, katika ofisi moja ya serikali hapa Lushoto, nilisimama nyuma ya muuguzi wa zahanati aliyeomba likizo bila malipo akamuuguze mama yake kule Kwai.

"Hujajaza tarehe ya kurudi kazini," karani alimwambia.

"Mama hanyanyuki tena, ndugu. Nitarudi nikishamzika."

"Fomu haipokelewi bila tarehe, dada. Andika yoyote."

Muuguzi alishika kalamu, akaishusha. "Nikiandika Juni, nitakuwa nimempa mama mpaka Mei."

Karani akamsogezea fomu. Muuguzi akaiacha kalamu juu ya fomu, akaenda kusubiri gari la kumrudisha kazini.

Kwa hiyo wagonjwa wa zahanati yake hawatakosa muuguzi. Atakayemkosa ni mmoja tu, aliyemzaa.