Mpishi wa kisiwani asiyesikia harufu

Saa tatu asubuhi, boti ya wageni haijafika, na mpishi ameinamisha sikio juu ya sufuria ya vitunguu. Hanusi. Anasikiliza.

"Kitunguu kibichi kina kelele," anasema, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukizungusha mwiko. "Kikianza kuiva kinapunguza maneno. Kikinyamaza kabisa, ujue kimeungua na wewe umeumbuka."

Jiko lake liko jirani na gati, nyuma ya ukuta wa chokaa: majiko mawili ya mkaa, meza ya saruji, ndoo yenye pweza. Watembeza wageni humpitisha kila mtu hapa, maana hapa mgeni huletewa sinia moja yenye kila kitu kidogo kidogo: pweza wa kukaanga, samaki wa tui, muhogo wa kuchemsha, ndizi mbichi za kupondwa. Ukiimaliza, umekionja kisiwa kizima bila kuinuka kitini. Ndiyo sababu mwenyewe anaitwa Mama Sinia.

Wasichokijua hao wanaolamba vidole ni kwamba mpishi hajui chakula chake kina ladha gani.

Ilianza na mafua, mwaka juzi. "Nikasema ni ya siku mbili tatu. Mafua yakaondoka, pua ikabaki imefunga duka. Na ulimi nao ukaifuata." Daktari wa zahanati alimwangalia, akamwambia huenda vitarudi, huenda visirudi. Mama Sinia akarudi nyumbani na jibu hilo, akafyata ulimi.

Aliogopa, na hafichi kwamba aliogopa. Jiko hili ndilo linalolisha nyumba tangu mumewe, fundi seremala, aumie mgongo. "Nani atamleta mgeni kwa mpishi asiyesikia harufu? Hata mimi nisingekwenda."

Basi akapika kwa mazoea, na kwa muda mazoea yakamsitiri. Hadi siku alipomimina tui la jana kwenye samaki. Lilikuwa limechacha. Meza nzima ya wageni ikaonja kijiko cha kwanza, ikaweka vijiko chini, ikatazamana. Yeye alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu, anasubiri sifa.

Aliyemwokoa ni wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akimsaidia kupakua. Alichovya kidole, akakunja uso, akakusanya sahani zote akiwaambia wageni kwamba sufuria zimechanganywa. Jikoni akauliza kwa sauti ya chini, "Wifi, hukulisikia lile tui?" Mama Sinia akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kulia.

Tangu siku hiyo waliafikiana. Mmoja anapika kwa macho, masikio na vidole, mwingine anaonja. Samaki anachunguzwa mashavu, tui linasuguliwa kidoleni lionekane kama limekatika, na hakuna sufuria inayotoka kabla wifi hajasema neno. Wageni wakazidi kuja. Wengine wakasema mapishi yamekuwa matamu kuliko zamani, maneno yaliyomfurahisha na kumchoma kwa pamoja.

Lakini leo begi la wifi liko mlangoni. Mume wa wifi amepata kazi ng'ambo ya maji, na boti itakayoleta wageni ndiyo itakayomchukua.

"Mwambie mama," wifi anasihi kwa mara nyingine, akifunga viatu. Mama ni mama yake mzazi, yaani mama mkwe wa mpishi, anayeishi chumba cha uani.

"Bora nifunge jiko."

Ana sababu. Tangu aolewe, sahani ya mama mkwe ilikuwa ikirudi nusu, na juu yake maoni. Leo chumvi imekwenda wapi, kesho huyu samaki amepikwa au ametishiwa moto. Kumwambia bibi huyo kwamba sasa huonji kabisa ni kumpa kisu na kumwelekeza shingo.

Boti inapiga honi. Wawili hao wanakumbatiana, na wifi anaondoka huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Muda si mrefu wageni wanaingia, wanavuta viti, wanauliza kwa hamu wataanza kuonja nini. Mama Sinia anafunua sufuria ya samaki. Anaitazama. Anaifunika tena, na mkono unabaki juu ya mfuniko.

Mlango wa uani unasukumwa. Mama mkwe anaingia taratibu, ameshika kijiko chake mwenyewe. Hasalimii. Anafunua, anachota, anapuliza, anaonja, anafumba macho kidogo.

"Ndimu. Na chumvi, si nyingi. Halafu ipua."

Mpishi anakamua ndimu. "Mama, nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Umenipikia vibaya miaka yote, halafu ghafla nikaanza kumaliza sahani. Nikajua huo ulimi si wako. Huo ulimi nimeuzaa mimi."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini, na mimi nilikuwa nashiba?"

Sinia zinatoka. Dakika zinapita, na mpishi anasikiliza upande wa meza kama anavyosikiliza vitunguu. Mwanzo maongezi ni mengi, kisha yanapungua, kisha vinasikika vijiko tu. Anashusha pumzi ndefu.

Mipango anayo. Anataka kuezeka upande wa uani ili wageni wasipigwe jua, na kuweka kiti chenye mgongo karibu na jiko, kiti cha mtu mmoja ambaye tayari amelalamika kwamba kibao kinamuumiza nyonga.

Na pua? Bado anaisubiri. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, anaponda kitunguu saumu na kukiweka chini ya pua, akivuta kwa nguvu. Ukimuuliza ikirudi angependa kuanza kusikia nini, hataji maua wala kahawa.

"Mchuzi wangu. Nijue kama miaka yote ile huyu mama alikuwa ananionea."

"Sikukuonea," anajibu mama mkwe, na kunyoosha kijiko kuelekea sufuria ya pili.