Masikio ya Ognyan

Zdravka Pencheva alipopewa ukuu wa chumba cha simu, si wote waliompongeza kwa moyo mweupe. Kwa miaka tisa alikuwa amekaa humo humo, kifaa cha kusikilizia kichwani, akiwajibu watu wa mji wa Plovdiv, Bulgaria, na vitongoji vyake ambao mitambo yao ya kupasha nyumba joto ilikuwa imezima. Sasa wenzake kumi na wanne, aliozoea kula nao supu ya maharage, ndio aliotakiwa kuwasimamia. Yeye hakutetereka. Kazi aliijua nje ndani. Siku ya kwanza tu alitangaza kwamba kila mtu atapata nusu saa yake na mkuu wake kila wiki, wawili tu, wakitembea kando ya mto Maritsa, na yatakayosemwa huko hayataandikwa popote.

"Na mvua ikinyesha?" akauliza Ralitsa, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Tutalowa, mama. Haya, simu zinaita."

Novemba ilipoingia, mkurugenzi alimwita ofisini. Kaloyan Miladinov alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, ameletwa kutoka mji mkuu, Sofia, na aliipenda sana kompyuta yake. Aliigeuza ili Zdravka aone. Jina la Ognyan Tasev lilikuwa limepakwa rangi nyekundu. Ognyan ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, fundi wa zamani aliyehamia kwenye simu baada ya kuumia mgongo. Simu zake zilichukua muda mara mbili kuliko za wenzake, na wateja watatu walilalamika kwamba amewafokea.

"Umri umemlemea," mkurugenzi akasema. "Mpe barua ya onyo sasa, nyingine mwezi ujao, kisha tuagane naye vizuri."

"Nipe wiki mbili kwanza, bwana mkurugenzi."

"Za nini?"

"Bado sijajua. Nikijua, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Asubuhi mbili mfululizo Zdravka alisikiliza simu za Ognyan zilizorekodiwa. Mwanzoni aliona ukali mtupu. Simu ya ishirini na kitu ndiyo iliyomzindua. Wanaume wenye sauti nzito Ognyan aliwahudumia vizuri, hata utani akawatupia. Akipiga mwanamke mwenye sauti nyembamba, mambo yalivurugika: "Sema tena. Tena! Mbona unanong'ona?" Na yule mwanamke hakuwa akinong'ona hata kidogo.

Zamu ya Ognyan ya kutembea ilipofika, Zdravka hakuzunguka mbuyu.

"Kaka Ognyan, husikii vizuri. Tangu lini?"

Mzee akasimama, uso umemwiva. "Nani kasema? Mimi si kiziwi! Hao wateja wako ndio wamemeza ndimi zao."

"Nimesikiliza simu zako arobaini. Wanaume unawasikia. Wanawake huwasikii."

Ognyan akaugeukia mto. Sauti yake ikashuka. "Miaka miwili sasa. Nimepiga nyundo karakanani miaka ishirini, Zdravka, nani alituambia tuzibe masikio? Nikisema, mtanifukuza. Nikifukuzwa na umri huu, nani atanichukua?"

"Kesho utakwenda kwa daktari, na siku yako haitakatwa. Ya mkurugenzi niachie mimi."

Mkurugenzi alimsikiliza akizungusha kalamu. "Dada Zdravka, hapa si nyumba ya wazee."

"Ndiyo maana sikuombi umhurumie. Mwezi uliopita mafundi wetu walikwenda mara mbili kwenye nyumba thelathini na moja, kwa sababu sisi wa simu tulikosea kutambua ubovu. Hata simu moja kati ya hizo haikupokewa na Ognyan. Muondoe kwenye simu. Ajibu barua za wateja, na wenzake wakikwama wamuulize yeye."

"Miezi mitatu," mkurugenzi akasema hatimaye. "Isizidi."

Ognyan akahamishiwa meza ya dirishani, na chumbani manung'uniko yakaanza. Ralitsa hakusubiri zamu yake ya kutembea. "Na mimi nikisema masikio yananiuma, nitahamishiwa pale dirishani?"

"Yanakuuma?"

Ralitsa alikuwa amekuja kugombana, si kuulizwa. "La kushoto," akakiri. "Hiki kifaa kinapiga mluzi tangu kiangazi."

Zdravka akakivaa mwenyewe, akasikia mluzi, akakitupa kwenye pipa la taka mbele ya wote. Jioni ile viliagizwa vifaa kumi na vinne vipya.

Januari baridi ilibana hadi mabomba yakapasuka, na simu zikamiminika. Vijana walikuwa wakigeuka na kumpungia Ognyan mkono. Naye, vidude viwili vidogo vya kumsaidia kusikia vikiwa masikioni, alikuwa akija, akiuliza maswali mawili, na kutaja kifaa kilichoharibika. Safari za mafundi za kurudia nyumba moja zikashuka hadi nne kwa mwezi. Miezi mitatu ikapita bila mkurugenzi kuigusia.

Baada ya mwaka mmoja Zdravka alipandishwa kusimamia matawi matatu, na chumba akachukua Ralitsa. Wiki yake ya kwanza Ralitsa alimwalika mkurugenzi aje ajibu simu siku nzima kama wao. Akaja. Alitoka saa kumi jioni koo limekauka, mkono umeshika mgongo uliomuuma, akauliza nani huagiza viti katika kampuni hii.

"Wewe," Ralitsa akamjibu.