Maksai waliovuta gari letu leo

Jamani, mimi nina bahati na magari! Hili letu la familia halijawahi kutuacha njiani. Ulizeni Sumbawanga nzima.

Leo asubuhi nampeleka mzee wangu mjini Laela kununua mbegu. Mvua zimeshaanza.

Hata kilomita mbili hatujamaliza, giaboksi ikasaga kama mtu anatafuna changarawe. Halafu kimya.

Giaboksi ile ile ambayo mzee aliuza maksai wake wawili ili itengenezwe!

Akatokea nani? Jirani yetu Baba Skola, anatoka kulima. Na maksai wale wale.

"Dereva, lete kamba! Leo utaenda mwendo wa ng'ombe."

Nikacheka. Mzee hakucheka.

Wakatuvuta mpaka nyumbani. Kufungua kamba tu, Meja, yule mwenye doa jeupe, akamburuta mwenzake mpaka kwenye zizi lao la zamani. Wakasimama humo. Baba Skola alichapa fimbo, wapi!

"Mzee mwenzangu, waite wewe. Mimi hawanisikii."

Mzee akaingia, akamshika Meja shingoni.

"Toka, baba. Hapa kwetu hakuna kazi tena."

Meja akatoka.

Saa hizi mzee yuko shambani na jembe la mkono, na umri ule. Mimi nimekaa ndani ya gari naandika.

Nyie mngemwambia nini?

Na ile bahati niliyoandika pale juu ni uongo. Gari limetuacha njiani mara nyingi tu. Na aliyemwambia mzee auze maksai ni mimi.